Filimbi Ivute Pumzi Kwanza

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Siku hiyo alikuwa kama kakalia siafu. Mimi nashona sare kwenye cherehani, yeye anakaa, anasimama, anachungulia dirishani, anakaa tena.

"Utanitobolea sakafu," nikamwambia.

"Babu, kesho mwalimu anatusikiliza. Tukiharibu tena, siku ya wazazi hatupigi. Na mama ameshaomba ruhusa kazini."

Yeye anapiga ngoma, na mwenzake wa filimbi ni binti wa mchomelea vyuma, jirani yetu mpya. Wametoka mbali hao, lugha yetu wanaijua kidogo kidogo. Akaingia, akaniamkia vizuri, wakaanza.

Chiriku akatwanga ngoma. Filimbi ikanyamaza. Wakarudia, yale yale. Chiriku akazidisha nguvu mpaka pini zangu zikacheza mezani.

"Si upulize! Unaringa nini?"

"Siringi. Wewe unanifokea na ngoma."

Chiriku akanuna, akageukia ukutani, mguu unatikisika. Mimi nina kola za watu, nikaendelea kukanyaga cherehani. Mara nasikia filimbi. Yule binti anapuliza juu ya mlio wa cherehani. Nikisimama kugeuza kitambaa, anavuta pumzi. Nikianza, anaanza. Tamu hiyo, mpaka nikasahau kola.

Chiriku akageuka. "Mbona cherehani ya babu unaiweza?"

"Inaniachia nipumue. Kwetu filimbi inaongoza. Ikivuta pumzi, ngoma inajibu."

"Kwetu ngoma ndiyo inaongoza. Ukichelewa unaachwa." Chiriku akamsogelea. "Kumbe ulikuwa unanisubiri?"

"Nilidhani unanifukuza."

Wakacheka. Wakakubaliana: mwanzo ngoma iongoze, katikati filimbi. Wakakosea, wakarudia, hata chai ikapoa.

Kesho yake mwalimu akawakubali. Siku ya wazazi, mama Chiriku na mchomelea vyuma walikaa benchi moja, wanapiga makofi, kila mtu kwa mapigo ya kwao.

Tukiwa tunarudi nikamwambia Chiriku, "Mjukuu wangu, mwenzako akipiga tofauti na wewe, usikimbilie kusema anaringa. Muulize kwao wanaanzaje."

"Nimesikia, babu."

Kutulia bado hajatulia. Ila siku hizi anahangaika huko kwa mchomelea vyuma, na mimi namaliza kola zangu.