Povu la Mkonge

Kifukizio kilimeza watu na kuwatema wakiwa wanacheka. Unaingia kwenye kibanda cha kioo, mlango unajifunga, mvuke mzito wa povu la mkonge unakufunika, unavuta pumzi, makohozi yanaachia. Nyungu ile ile ya bibi zetu, ila hii iliendeshwa na mashine yenye akili iliyosikiliza kifua chako na kupima mvuke wa kukutosha. Kila mtaa wa Tanga ulikuwa na chake, na foleni haikukauka.

Aliyebuni povu hilo ni Dakta Mwantumu Shekilindi. Asubuhi ile alifika kwenye kibanda cha mtaa wa kwao amefura kwa hasira.

"Kizime!" alimwambia Semkiwa, Mkurugenzi wa vifukizio, mbele ya watu.

"Taratibu, Dakta. Si wewe uliyethibitisha kiko salama?"

"Nilithibitisha kwenye sahani za maabara!"

Na hapo ndipo upuuzi ulipoanzia. Kinachotoa povu kwenye mkonge ni saponini. Saponini hung'ang'ania mafuta, ndiyo maana inasafisha. Lakini utando wa seli ya binadamu nao umejengwa kwa mafuta. Saponini ikiufikia inautoboa, na seli inapasuka. Maabara walizilisha seli za mapafu majimaji ya damu ya ndama, kama ilivyo kawaida yao, na mafuta ya majimaji hayo yakaidaka saponini kabla haijagusa kitu. Seli zikanawiri. Wataalamu wazima wakapigiana makofi! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani anayetembea na damu ya ndama mapafuni.

"Juzi niliziosha seli damu ya ndama kwanza, ndipo nikazimwagia povu," alisema Mwantumu. "Zimekufa karibu zote. Nimekupigia simu tangu juzi, hupokei!"

"Tukizima leo, jiji zima litauliza."

"Liulize! Kama ni salama, ingia wewe."

Mwantumu akabonyeza kitufe cha mlango. Mlango ukafunguka, mvuke ukamwagika nje. Semkiwa akaruka nyuma, akaziba pua kwa tai yake.

"Khaa!" mtu alimaka kwenye foleni. "Kumbe mwenyewe havuti?"

Mama mmoja akajitoa kwenye foleni, amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Alikuwa Nafue, shangazi yake Mwantumu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alipoushusha upindo, Mwantumu aliona damu.

"Shangazi! Tangu lini?"

"Siku nyingi. Nikikohoa damu ndiyo nazidi kuja, asubuhi na jioni. Nikasema hii ni dawa ya mwanangu, acha initoe uchafu wote."

Mwantumu alilishika bomba la mvuke kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu mpaka likang'oka. Povu likamwagika kwenye viatu vya Semkiwa. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakimtukana Mkurugenzi, wengine wakijishika vifua.

"Twende hospitali, Shangazi. Sasa hivi."

Nafue hakusogea. Alimtazama Mwantumu, si Semkiwa.

"Ngoja kwanza. Huyu bwana umemtaka aingie, amekataa, tumeona sote. Na wewe mwanangu, mwenye dawa yako, uliingia humo lini?"

Mwantumu akautazama mlango wa kioo ambao hakuwahi kuuvuka hata siku moja. Shangazi yake akamngoja ajibu, kanga mdomoni.