Mada ya Benita

Kila Jumamosi Winifrida alifagia uwanja, akaanika maharage kwenye turubai, kisha akavaa gauni safi na kwenda kwenye ukumbi mdogo karibu na soko la Kibondo. Huko Mwalimu Epifania, mtaalamu wa maabara mstaafu aliyesomea Kuba, aliwafundisha watoto kumi na wawili Kihispania bila malipo.

Darasa hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kila wiki mwanafunzi mmoja alileta mada mpya ya mazungumzo, na wenzake wakamuuliza maswali kwa maneno machache waliyokuwa nayo. Neno usilolijua, ulilichora ubaoni. Shida ni kwamba kufikia mwezi wa saba wa darasa mada zilikuwa zimewaishia. Majina, umri, mbuzi, ndizi na mvua vilikuwa vimezungumzwa hadi vikachosha. Benita, rafiki wa Winifrida wa kufa na kuzikana, alikuwa ameleta mada ya chakula mara mbili, na mara ya pili mwenzao Felisiani alijifanya anakoroma. Darasa zima lilicheka. Benita naye alicheka, lakini jambo hilo lilimchoma moyoni.

Jumamosi hiyo zamu ilimrudia. Benita alishika chaki, akachora mwanamke, meza na daftari. Pembeni akachora msichana anayeuongoza mkono wa yule mwanamke ulioshika kalamu.

Winifrida aliijua picha ile. Siku nne tu zilizopita, wakipepeta maharage, alikuwa amemweleza Benita kwa nini jioni haonekani akiruka kamba: anamfundisha mama yake kusoma. Benita aliapa kwamba jambo hilo halitatoka kinywani mwake.

Watoto walichangamka. Hatimaye mada mpya!

"¿Quién es?" Felisiani aliuliza. Yaani, ni nani huyu?

Jibu walilokaririshwa lilianza na "Es la mamá de", ni mama wa fulani, na hapo lazima uweke jina. Benita angeweza kuweka jina lolote la duniani. Alisita, akatafuta, kisha jina likamponyoka.

"Es la mamá de Winifrida."

"Kumbe mama yako hajui kusoma!" Felisiani aliropoka, kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikielewa.

Winifrida alichukua mkoba wake akatoka mbio. Benita alimfuata hadi mlangoni.

"Wini, ngoja! Nilikosa mada!"

"Ukakosa mada, ukaniuza mimi?"

Alilia njia nzima. Heri Benita angemwibia viatu, kwa maana viatu hununuliwa vingine. Huyu ndiye aliyemwamini kuliko watu wote, naye alikuwa ameianika siri yake ubaoni ili asichekwe.

Habari za Kibondo hazingoji gari. Mchana mama yake alirudi kutoka sokoni akiwa ameshasikia yote. Alilitia daftari ndani ya sanduku, akafunika.

"Nimeacha," alisema. "Sina umri wa kuchekwa."

Jioni Mwalimu Epifania alipiga hodi. Nyuma yake alikuwa Benita, macho chini.

"Mama Winifrida, kosa la kwanza ni langu," mwalimu alisema. "Nimewasukuma hawa watoto walete mada mpya kila wiki. Sikuwaambia kwamba habari ya mtu huombwa kwanza."

"Shikamoo, mama," Benita alisema. "Naomba unisamehe. Niliogopa kuchekwa, nikasababisha uchekwe wewe."

"Marahaba. Na wewe ulijuaje? Hujawahi kunikuta na daftari."

Benita alifungua mdomo, akaufunga. Safari hii hakutaja jina la mtu.

Winifrida aliona nyumba nzima inamtazama. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mama yake alimgeukia.

"Tangu mchana unalia kwamba rafiki yako amekuuza," alisema. "Haya, mwanangu, na mimi nikalie kwa nani?"

Winifrida alipiga magoti. Aibu ilimshika kuliko ile ya darasani.

"Kule kwetu Murungu nilitolewa shule darasa la pili ili nilee wadogo zangu," mama aliendelea. "Jambo hilo nimelibeba miaka yote, na mtu wa kumweleza nilitaka nimchague mwenyewe. Benita alitoa siri aliyopewa. Wewe ulitoa siri ambayo haikuwa yako. Habari ya mtu ina mwenyewe. Ukitaka kuisema, mwombe. Akikataa, nyamaza, hata kama unayemwambia ni rafiki wa namna gani."

"Nisamehe, mama."

"Nimewasamehe nyote wawili. Lakini msirudie."

Mwalimu Epifania alijikohoza. "Kule Kuba nilikuwa na miaka thelathini, na watoto wa jirani walinicheka kila nilipoomba maji ya kunywa kwa Kihispania changu kibovu. Ningeacha, leo ningewafundisha nini hawa?"

Mama Winifrida alitafakari, kisha akalifungua sanduku.

"Kucheka wameshacheka," alisema. "Nikiacha sasa, nitakuwa nimechekwa bure. Winifrida, kaa hapa, tuendelee."

Jumatatu shuleni, wakati wa mapumziko, Felisiani aliwafuata wale wasichana wawili nyuma ya darasa.

"Eti, mama yako ameshajua kuandika jina lake?"

Benita alimtazama Winifrida, akanyamaza.

"Kamuulize mwenyewe," Winifrida alisema.