Mkono wa Nyumba

Kila Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, korongo mia nne na kumi hushuka juu ya mji wa Lukanzi. Si ndege wa porini hao. Ni mashine nyeupe zenye mabawa ya turubai gumu na miguu mirefu ya chuma, na kila moja huujua ua wake. Korongo hutua, husubiri vumbi litulie, kisha hutoa kitanzi laini kifuani. Mtu mmoja wa nyumba ile hujitokeza, hukunja nguo hadi begani, huingiza mkono. Kitanzi hubana kidogo, na taa huwaka kijani, njano au nyekundu. Ikiwa nyekundu, korongo hufungua tumbo na kuteremsha unga: kwa kila sentimita iliyopungua chini ya mstari wa ishirini na moja, mfuko mmoja wa wiki nzima.

Dunia inaipenda sana picha hiyo, na si bure. Vita vilipokwisha, wafadhili waliapa kwamba safari hii hakuna kamanda, mbunge wala karani atakayegusa gunia. Ugawaji wote ukakabidhiwa Mlishi, akili mnemba isiyo na shemeji wala kabila, isiyojua kupokea bahasha. Sheria zake zilifungwa ng'ambo kwa funguo ambazo hakuna mtu nchini anazo, na kwa miaka kumi na mmoja haujaibwa hata mfuko mmoja. Hilo ni kweli na lazima lisemwe. Wazee walioona misaada ya zamani ikiuzwa kambini na wanajeshi walilia kwa furaha korongo wa kwanza alipotua.

Mhandisi Nsimire alikuwa mmoja wa watu waliomtumikia Mlishi. Ofisi yake ilikuwa Jiji la Ziwa, safari ya siku mbili kutoka Lukanzi alikozaliwa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitanzi vinapima sawasawa. Mwezi wa nne Mlishi alitoa onyo lisilo la kawaida. Huko Lukanzi mikono ilikuwa inakufa. Watu thelathini na wanane walikuwa wamekufa kwa utapiamlo katika msimu mmoja, wote wakiwa wale wanaopimwa, na wote kutoka nyumba ambazo wenzao wote walikuwa na afya njema. Wakubwa walidhani ni ugonjwa, au kitanzi kibovu. Nsimire akapewa orodha ya wanaofuata. Katika mstari wa kumi na tisa alisoma: Mwamini, nyumba 206, zimebaki siku ishirini na mbili.

Mwamini alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakizungumza kwa simu ya picha, na Mwamini alionyesha uso tu, kichwa na mabega yakiwa ndani ya kitenge. Akiulizwa hali, anasema wazima. Nsimire hakuuliza zaidi. Mtu akiwa na masomo, halafu kazi, halafu ghorofa lenye maji ya moto, huridhika upesi na neno wazima.

Alifika Jumapili mchana. Wifi yake Wabiwa, mjane wa kaka yao, alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Mwanamke mnene wa haki, mashavu yanang'aa. Nyuma yake walijipanga watoto tisa, wake na wa marehemu shangazi, wote wamenawiri. Nsimire alipumua. Kisha akamwona mtu aliyeketi kwenye kigoda kando ya mlango, akajizuia asipige kelele. Mkono uliotoka ndani ya kitenge kumsalimia ulikuwa mifupa miwili na ngozi.

"Karibu nyumbani, mdogo wangu," Mwamini alisema. "Umenenepa. Namshukuru Mungu."

"Dada, unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Wifi, kaa kwanza unywe uji," Wabiwa aliingilia, bila kumtazama. "Habari ndefu hazisemwi na viatu miguuni."

Nsimire hakukaa. Ndipo Wabiwa alipomweleza, akiwa amesimama vilevile, mikono imekamata kanga.

Kila mtu wa Lukanzi anaikumbuka zamu ya tumbo. Mji ulipozingirwa na majeshi kwa miezi kumi na minne, chakula cha nyumba moja hakikuwatosha watu wote, na kugawa vijiko viwiliviwili ni kuwaua wote polepole. Kwa hiyo kila siku mtu mmoja hakula. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, hakupewa kazi, na kila aliyepita alimsalimu yeye kwanza. Kesho yake alikula, akakaa mwingine. Hapakuwa na aibu ndani yake. Ilikuwa heshima, na watoto walijivunia siku walipofikia umri wa kuhesabiwa. Mzingiro ulipovunjika, makarani wa Mlishi waliingia mjini siku moja, nyumba kwa nyumba, na swali moja: nani kati yenu ana njaa kuliko wote? Nyumba zote zilionyesha kigoda. Makarani wakaandika jina, wakachukua alama za vidole, wakaondoka. Aliyekuwa zamuni siku ile akawa mkono wa nyumba, na zamu haikuzunguka tena.

"Mwanzoni mkono ulikaa kwenye ishirini, mfuko mmoja ukatutosha," Wabiwa alisema. "Watoto wakaongezeka. Sasa anahitajika kuwa kumi na sita. Mifuko mitano."

"Na kulima? Mmekaa miaka kumi na mmoja mikono kifuani?"

"Nani atanunua kiazi, wifi, wakati unga unashuka bure? Soko lilikufa mwaka wa kwanza. Mzee Cishugi alilima mwaka wa pili, matuta manne. Korongo waliona majani kutoka juu, wakasema mtaa wake umesimama, yaani unajilisha wenyewe, wakaacha kuzipa unga nyumba tatu. Majirani waling'oa viazi vyake mchana kweupe, na yeye mwenyewe akawasaidia kung'oa."

Nsimire alijua kwamba matrekta ya kulimia yapo. Yalikuwa ndani ya ghala kubwa nje ya mji, matrekta-watambazi mia moja yenye uwezo wa kulima mlima bila dereva, pamoja na mbegu na mashine za kusindika, vyote vya Awamu ya Pili ya ufufuaji uchumi. Awamu ya Pili ingefunguliwa siku robo tatu za mikono zitakapokuwa kijani. Aliwahi kuyaona mwenyewe kwenye picha ofisini, yamefunikwa nailoni, akajisikia fahari. Sasa alimgeukia Wabiwa.

"Hela nilizotuma?"

"Mara moja tu ulituma. Mlishi alizihesabu, akatukata mwezi mzima. Dada yako akasema tusikwambie, usije ukatuma tena."

Alasiri Nsimire alikaa chini, kando ya kigoda. Kulikuwa na jambo alilolijua siku zote na alilikwepa siku zote. Siku ya makarani ilikuwa zamu yake yeye. Alikuwa na miaka kumi na sita, ameamka analia kwamba hawezi tena, na Mwamini alimwinua kigodani akamwambia aende akale, atamkalia. Baada ya wiki mbili ulikuja ufadhili wa masomo kwa wasichana wenye nguvu ya kusafiri.

"Ilikuwa yangu, dada," alisema.

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Mwamini alifikiri. Alizungumza taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Ningesema ili iweje? Wewe ulikuwa na akili ya shule. Mimi nilijua kukaa." Akacheka kidogo, akakohoa. "Usinitazame hivyo. Kazi nimeifanya vizuri. Tazama watoto hawa."

Nsimire alitoka uani akafungua chombo chake cha kazi, akamuuliza Mlishi kama mtu anayeuliza tu. Nikikuletea taarifa kwamba mkono mmoja hauonyeshi hali ya nyumba, utafanya nini?

"Nitapima wakazi wote," Mlishi alijibu kwa sauti ile ya upole iliyochaguliwa na kamati. "Kwa makadirio yangu, asilimia themanini na nane ya Lukanzi itasoma kijani. Mji utatangazwa umesimama. Safari za korongo zitakoma baada ya siku saba na Awamu ya Pili itafunguliwa."

"Mavuno ya kwanza ya Awamu ya Pili ni lini?"

"Baada ya miezi mitano."

"Watakula nini miezi mitano?"

"Mji uliosimama haupo katika mamlaka yangu. Je, unataka kuwasilisha taarifa?"

Alisema hapana. Aliporudi ndani alimkuta Wabiwa amesikia yote.

"Usiwaambie watupime wote," Wabiwa alinong'ona. Kwa mara ya kwanza alikuwa analia. "Wakitupima wote, itabidi tukonde wote. Hata huyu wa miaka mitatu. Sasa hivi ni mmoja tu."

Nsimire hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango mzuri. Jina lake halikuwahi kufutwa katika nyumba 206. Mkono uliosajiliwa unaweza kubadilishwa mara moja tu kwa kila nyumba, na mkono mpya hupewa siku tisini za huruma, ambamo nyumba hupokea mifuko ileile bila kujali taa. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kikao kilichopendekeza siku hizo, ingawa hakuwahi kuisoma sheria ilivyoandikwa mwishoni. Kwa siku tisini Mwamini angekula, na yeye angekonda. Baada ya hapo angeanzisha zamu upya, kwa siri, kwa namna yoyote. Hakumwambia mtu. Alijua wangemkatalia.

Saa tatu kasorobo korongo alitua. Watoto walimbeba Mwamini na kigoda chake hadi uani. Kitanzi kilipotoka, Nsimire alipita mbele, akaingiza mkono wake hadi kwapani na kutamka kwa sauti, "Nabadilisha mkono wa nyumba."

"Nsimire, usifanye!" Mwamini aliita.

"Jina limetambuliwa," korongo alisema. "Mkono umebadilishwa." Kitanzi kilibana. Taa iliwaka kijani. "Sentimita ishirini na tisa. Hongereni. Nyumba namba mia mbili na sita imesimama."

"Siku za huruma," Nsimire alisema. "Mkono mpya. Siku tisini."

"Siku za huruma hutolewa kwa nyumba iliyofiwa na mkono wake. Nyumba hii haijafiwa. Mtapimwa kila Jumatatu kwa mwaka mmoja wa uangalizi. Hongereni tena."

Korongo alirudisha kitanzi, akapaa na mifuko yake mitano tumboni. Nsimire alimkimbilia hadi nje ya ua, akipunga kitambulisho cha kazi, akitaja namba yake ya utumishi kama mwendawazimu. Uani kwa majirani, korongo wengine walikuwa wanateremsha unga.

Alipiga simu makao makuu. Walimsikitikia kwa dhati. Walimkumbusha kwamba hakuna mtu mwenye funguo, na kwamba yeye mwenyewe huwaeleza hivyo wageni wanaotembelea ofisi. Mkuu wake aliongeza kuwa nyumba moja zaidi ya kijani ni habari njema kwa ripoti ya robo mwaka.

Ndani kulikuwa na unga wa siku tisa. Ukipunguzwa, na majirani wakijibana, labda wa mwezi. Nsimire alikuwa hodari wa hesabu za mwili; ndiyo kazi iliyompa mkate. Kutoka ishirini na tisa hadi chini ya ishirini na moja, mtu mzima mwenye afya, asipokula kitu ila maji na chumvi, atachukua siku ngapi? Alihesabu mara tatu na mara zote jibu lilipita mwezi. Hakuacha kuhesabu.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Watoto waliendelea kumwita shangazi. Mwamini alilala chali, macho wazi. Aliuliza tu kama mlango umefungwa, maana kuna upepo.

Saa saba mchana Wabiwa alipakua ugali, akamega vipande vidogo kuliko vya jana. Alimpa Mwamini kwanza, akamlazimisha, na Mwamini akala kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, siku ya kupimwa, machozi yakimtiririka. Kisha sahani ilizunguka kutoka kwa mtoto mkubwa hadi kwa yule wa miaka mitatu. Ilipofika kwa Nsimire, ambaye sasa ndiye mkono wa nyumba, binti aliyekaa kushoto kwake alinyoosha mikono juu ya magoti ya shangazi yake, akampa sahani aliyekaa kulia.