Upande wa Kushoto wa Elieza

Soko la Majengo siku ya Ijumaa mchana halina pa kukanyaga. Zipora alikuwa ametoka duka la jumla na jora la kitambaa cha sare begani, jasho likimchuruzika hadi kwenye shingo ya gauni lake la kitenge cha manjano. Mbele yake, katikati kabisa ya kichochoro cha wauza nyanya, mwanaume mmoja alikuwa amesimama kama nguzo ya umeme, macho juu.

"Kaka, pisha."

Hakutikisika.

"Kaka, naomba njia, nina mzigo."

Kimya. Zipora akaona hana sababu ya kumbembeleza. Akamsukuma mgongoni kwa ncha ya jora. Yule mwanaume akageuka upesi, akalidaka jora kabla halijaangukia nyanya za watu.

"Samahani sana dada. Nilikuwa nawatazama wale." Akaonyesha chini ya bati, ambako mbayuwayu wawili walikuwa wakijenga kiota cha tope bila kujali kelele zote zile.

"Nakuita mara mbili, wewe unatazama ndege."

"Basi nipe adhabu." Akalitia jora begani kwake. "Nielekeze duka."

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli lake la bluu limejaa vitundu vya cheche. Jina lake Elieza, fundi wa mageti na madirisha kule Kizota. Walipofika kwenye kibanda ambacho Zipora alishonea na mwenzake Jaha, Jaha alimtazama juu mpaka chini.

"Shemeji, hilo ni ovaroli au chujio?"

"Lilete Jumatatu nikutilie viraka," Zipora alisema haraka, maana tayari alikuwa ameona haya.

"Jumatatu mbali," Elieza akajibu. "Nitalileta kesho."

Na kweli alilileta kesho yake, na wiki iliyofuata akaleta suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote. Baada ya hapo hakuhitaji kisingizio.

Elieza alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ndege. Jumamosi alijiunga na kikundi cha watu wachache waliokodi gari la Noah na kwenda kutazama ndege, mara Hombolo bwawani, mara kwenye madimbwi ya Bahi wakati wa mvua, na kurudi jioni. Kiongozi wao alikuwa mzee Castory, mstaafu wa idara ya wanyamapori. Miezi miwili baada ya siku ile ya sokoni, Elieza alimwambia Zipora, "Twende na wewe mpenzi, uone kinachoniamsha alfajiri."

Zipora alivaa gauni lake jekundu, lile la kumbana kiunoni. Mzee Castory alipokea shikamoo yake huku akicheka.

"Marahaba mwanangu. Umependeza, ila kwa rangi hiyo ndege wote watahamia Singida."

Ndipo akajitokeza Sabrina. Mrefu, sura ya kuchorwa, suruali ya kaki na mtandio wa rangi ya vumbi uliofungwa vizuri kichwani, darubini yake mwenyewe shingoni. Alikuwa muuguzi mjini. Akatoa shali ya kijani kwenye begi lake na kumfunika Zipora mabegani.

"Jifunike na hii dada, hawatakuona."

Alisema kwa wema. Lakini Zipora akajiona kama mtoto aliyekuja kwenye shughuli za watu amevaa nguo za wenyewe.

Hombolo ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Walipita mashamba ya mizabibu, wakashuka mpaka ukingoni mwa matete, na maji yakatandaa mbele yao, ndege mwari weupe wakielea juu yake. Ila kutazama ndege, Zipora aligundua, kuna adabu zake. Watu hawapazi sauti. Wananong'onezana. Wanasogeleana mashavu ili waelekezane jicho. Na kila alipotazama, aliyekuwa akinong'onezwa na kusogelewa alikuwa Elieza wake, na aliyekuwa akinong'ona ni Sabrina.

Sabrina alisimama kushoto kwa Elieza siku nzima. Akimgusa bega, Elieza anageuka. Akimwambia neno, Elieza anainua darubini na kutabasamu.

"Huyo Sabrina," Zipora alisema wakati wa kurudi, akiangalia nje dirishani, "amekodi bega lako?"

Elieza alicheka. "Kumbe una wivu hivyo, mama?"

"Nimeuliza tu."

"Ana masikio makali. Anatusaidia."

"Anakusaidia."

Zipora alimtazama akaona anaangalia barabara kama mtu aliyeko peke yake garini.

Basi, wivu ukiingia hauombi kiti. Jumamosi zilizofuata Zipora alikwenda kila mara, si kwa ajili ya ndege. Aliona mengi. Aliona Elieza siku hizi hapendi kupiga simu, anaandika tu ujumbe. Siku moja Elieza akiwa kibandani kwao, simu yake iliita, akaipokea kwa spika kubwa kama alivyozoea, na sauti ya Sabrina ikajaa kibanda kizima.

"Eli, Alhamisi usikose tena. Nimekuwekea nafasi. Na umwambie Zipora, haitakiwi—"

Elieza akaikata.

"Haitakiwi nini?" Zipora aliuliza, mguu umesimama kwenye pedali.

"Mambo ya kikundi."

Jaha akainamisha kichwa kwenye mshono wake, akaanza kuimba puani.

Alhamisi Zipora alipika wali na maharage, akabeba hotipoti hadi Kizota. Mafundi wakamwambia Elieza ameondoka. "Amepitiwa na yule dada wa ndege." Zipora aliwaachia chakula. Akarudi kwa miguu njia yote, ili hasira impungue, lakini ilizidi.

Jumamosi iliyotia kikomo, walikuwa tena Hombolo. Zipora alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, wale wawili walikuwa hatua chache mbele yake, wamempa mgongo.

"Elieza," aliita.

Hakugeuka.

"Elieza, nisubiri."

Hata bega halikucheza. Sabrina ndiye aliyesikia. Akaweka mkono begani kwa Elieza, taratibu, na Elieza akageuka papo hapo, uso umechangamka, akamtazama yeye Sabrina kwanza.

Zipora alimuaga mzee Castory kwa heshima, akapanda barabarani, akasimamisha bodaboda.

Jioni ile simu iliita. Elieza alikuwa ndiyo kwanza ameshuka mjini. Honi na kelele za wapiga debe zilisikika nyuma yake.

"Zipo, umeondoka bila kuniaga. Unaumwa?"

"Nijibu kitu kimoja. Unampenda Sabrina?"

"Ndiyo, ndiyo mpenzi."

Zipora alikaa chini kitandani. "Umesemaje?"

"Nimesema ndiyo. Nipo njiani."

"Basi kaa naye."

"Sawa mama, nakuja nayo."

Akakata. Nusu saa baadaye akabisha mlango, mfuko wa zabibu mkononi, anatabasamu kama mtu asiye na kosa duniani. Zipora alimtazama toka viatu hadi macho.

"Una roho ngumu wewe," alisema, akafunga mlango. Elieza alibisha, akaita, akanyamaza. Asubuhi mfuko wa zabibu ulikuwa bado kizingitini, umevamiwa na sisimizi.

Wiki nzima hakupokea simu zake. Mchana alishona sare za watoto wa watu kwa hasira mpaka sindano zikakatika, huku Jaha akimwambia, "Wanaume wote wa Dodoma hii, wewe ulie kwa mtu wa ndege?" Naye akajibu, "Silii. Ni vumbi la kitambaa."

Aliyefika kibandani kwao Ijumaa hakuwa Elieza. Alikuwa Sabrina, amevaa sare yake nyeupe ya kazini, kitambaa cha gauni mkononi.

"Nimekuja kushonesha," alisema.

"Mafundi wako wengi Majengo."

"Najua." Sabrina alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa. "Dada, sitakudanganya. Kama Elieza angeniangalia mimi, ningefurahi. Lakini akinitazama anangoja nimwambie kitu, basi. Ameniambia umemfungia mlango na hajui kwa nini."

"Hajui? Nilimuuliza anakupenda, akasema ndiyo."

Sabrina alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. "Kwenye simu?"

"Kwenye simu."

"Siri si yangu, na kazi yangu hainiruhusu kuisema. Nakuomba kitu kimoja tu. Nenda Kizota wakati mashine zimezimwa. Simama nyuma yake, asikuone. Muite kwa sauti yako ya kawaida."

Zipora alitaka kumwambia atoke. Badala yake akachukua pochi.

Saa ya chakula ilikuwa imefika, mafundi wameenda kwa mama lishe, karakana imetulia. Elieza alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo mlangoni, anafuta miwani ya kazi kwa ncha ya shati. Zipora alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona mshono wa kiraka alichomtilia yeye mwenyewe.

"Elieza."

Aliendelea kufuta miwani.

"Elieza, nimekuja." Akapandisha sauti kidogo. "Nimekuchukia wiki nzima. Sijalala. Nakupenda, mjinga wewe."

Aliinua miwani juani, akaikagua, akaendelea kufuta. Zipora akaziba mdomo kwa kiganja. Akazunguka akasimama mbele yake, naye Elieza akashtuka, akasimama, ndoo na miwani vikaanguka.

"Zipo. Umefika saa ngapi?"

"Toka lini?" aliuliza Zipora.

Elieza alimwangalia midomo. Sasa Zipora aliliona jambo hilo, na alishangaa alivyoshindwa kuliona siku zote: huyu mtu huangalia midomo.

"Toka lini husikii, Eli?"

Elieza aliisimamisha ndoo, akakaa tena. "La kushoto limekwisha. La kulia linapungua. Miaka kumi na mashine ya kukatia vyuma, nilikuwa sivai kinga. Kilichoanza kupotea ni ndege. Nilidhani wameacha kuja. Kumbe wapo, ila sauti nyembamba zimenitoka. Sabrina aligundua kule bwawani, akanipeleka kwa daktari wa masikio. Zile Alhamisi. Kila siku alikuwa ananiambia nikwambie, haitakiwi kukuficha."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa naenda Haneti kwa baba yako kuposa mwezi ujao. Nikasema, nikishakuoa nitakwambia. Halafu nikaona huo ni wizi. Nikakwama katikati, siendi huku wala huku."

Zipora alilia sasa, na hakusingizia vumbi. Elieza alinyoosha mkono, Zipora akausukuma.

"Usinishike. Bado nina hasira. Unajua kilichoniuma si bega? Ni kwamba alijua kabla yangu. Mimi nalala nafikiri unanichunia, mwanamke mwingine anajua mwili wako unaumwa wapi."

"Nilitaka mtu mmoja anione mzima," alisema Elieza. "Nikakuchagua wewe."

Zipora alimwokotea miwani iliyoanguka, akampa, akaondoka. Mlangoni akageuka ili Elieza aione midomo yake, akasema polepole, "Kesho nipitie. Usichelewe."

Hombolo asubuhi ile ilikuwa na upepo. Zipora alivaa gauni alilolishona jioni, la rangi ya majani makavu, refu hadi kwenye viatu vya mpira. Walipofika ukingoni akaenda kusimama kushoto kwa Elieza, upande wa sikio lililokwisha. Sabrina alikuja na darubini yake, akaona, akapita moja kwa moja hadi alipokuwa mzee Castory. Zipora akamsikia akicheka na mzee, akahisi ule wivu bado upo, umekaa mahali pake, haujaaga. Lakini alimfuata, akamrudishia shali ya kijani, akasema, "Kile kitambaa kilete Jumatatu." Sabrina akaitikia kwa kichwa.

Aliporudi kushoto kwa Elieza alitega masikio. Kisha akamgusa bega.

"Kuna kitu kinalia."

"Ndege gani?"

"Nitajuaje? Nimezoea kuku."

"Kinaliaje, basi?"

Zipora alisikiliza. "Kama mkasi. Ule mkubwa, ukikata jinzi. Kila anapoinuka hewani anakata mara moja. Ananyamaza. Anakata tena."

Elieza hakuondoa macho kwenye midomo yake. "Mkasi butu au mkali?"

"Mkali. Mpya kabisa."

Akafumba macho, na tabasamu likamjia polepole. "Shoro. Hayuko kwenye matete, tazama kwenye nyasi fupi." Akafumbua, akaelekeza, na kweli pale nyasini kadege kadogo ka kahawia kakaruka juu, kakashuka, kakaruka tena. "Mwaka wa pili huu sijamsikia."

"Sabrina hakukwambia?"

"Aliniambia majina. Yeye anayajua, kwa hiyo hakuna haja ya kusema zaidi. Hakuna aliyewahi kuniambia analiaje."

Zipora alimsogelea, shavu kwa shavu, kama adabu ya kutazama ndege inavyotaka.

"Haneti bado unakwenda?" alimuuliza, kisha akakumbuka, akaja mbele yake na kuuliza tena.

"Ukinikubali."

"Baba anaongea kwa sauti ya chini, na meno ya mbele hana. Hutaambulia kitu. Nitakaa kushoto kwako."

"Mchumba hakai na wageni wakati wa posa, Zipo. Wazee watashangaa."

"Washangae," alisema, akarudi kusimama mahali pake.