Orodha ya Akina Haldwick

Kitanda cha mtoto kiligoma kukaa mahali pake. Jumapili kilikaa vizuri kati ya dirisha na kabati, na nafasi ya mtu kupita ikabaki. Jumanne asubuhi Nesta alipoingia na shuka alizopiga pasi, alikikuta kimebanwa na ukuta mpaka ubao wa ubavuni umepinda.

"Baba! Umesogeza kabati?"

"Kabati lile?" Mzee Wilfred alijibu kutoka chini, mdomo umejaa mkate. "Liliingizwa na wanaume wanne, na wawili wakalala hoi wiki nzima. Mimi na mgongo huu?"

Akapanda ngazi, akatazama, akasema ni unyevu, mbao huvimba. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mbishi wa kuzaliwa, na kwake hakuna jambo lililokosa sababu. Nesta, bintiye wa pekee, hakuridhika. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Tatu za kwanza zilikuwa zimetoka, hata moja haikufika mwezi wa tano, na mumewe Clifford alikuwa mbali kwenye meli ya mizigo. Nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kwa ajili ya huyo aliye tumboni.

"Na kuna harufu, baba. Ya chokaa mbichi."

"Nani anajenga Novemba, mwanangu? Njoo unywe chai."

Sasa niseme kilichotangulia, maana nilikuwepo. Nimeishi Skarrow, kijiji cha bondeni, jirani na watu hawa, miaka ishirini na saba, nimezika mume pale, na sitaki mtu aniambie niliota.

Akina Haldwick ni ukoo wa zamani sana katika bonde lile. Kila Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, mwanamume mkubwa wa ukoo husimama mbele ya madhabahu na kusoma majina ya watu wao mashuhuri. Aubrey, aliyebeba bendera ya mfalme vitani Ufaransa. Bi Ursula, aliyejenga nyumba ya wajane. Jaji Septimus, ambaye hata mbwa hawakubweka akipita. Kapteni Miles, aliyekufa kwenye bahari ya barafu. Wote majina yao yamechongwa ukutani kanisani, kila mmoja na jiwe lake. Lakini kati ya Ursula na Septimus pana jiwe lililokwanguliwa likawa tupu, na kwenye Biblia ya ukoo, mahali hapohapo, jina limefunikwa kwa wino mzito. Msomaji akifika hapo hufunga mdomo, huvuta pumzi tatu, kisha huendelea. Sisi wengine tulizoea. Tulidhani ni adabu tu.

Wilfred aliona ni upuuzi. Alikuwa amestaafu, hana kazi, akaamua kuandika orodha kamili ya kila Haldwick aliyepata kujulikana, tangu wa kwanza hadi wa leo. Akaitandaza Biblia dirishani, jua likapenya karatasi, na chini ya wino akalisoma jina: Josias. Hakujua huyo Josias alifanya nini. Akamwandika kama "Josias, mlezi wa watoto wa ukoo", maana ndivyo ilivyoandikwa. Akapiga chapa nakala arobaini, akazituma kwa akina Haldwick wote aliowajua, Kanada, Australia, New Zealand. Na Jumapili ile ya marehemu, alipofika mahali pa pumzi tatu, akalitamka. Kwa sauti ya darasani, jamani, iliyofika hadi mlangoni.

Dada yake mkubwa, Bi Hester, hakuwapo. Alikuwa kitandani na mafua. Angekuwepo angemvuta koti.

Siku ya nne baada ya kitanda kubanwa, Wilfred alichukua futi kamba. Upana wa chumba kile ulikuwa futi kumi na mbili tangu enzi za babu yake. Akapima, akapata kumi na moja na inchi tatu. Akapima tena. Akaketi juu ya zulia, futi kamba mkononi. Saa kumi jioni, wakati wa chai, wakasikia wote wawili: kwaruu, kwaruu, chuma juu ya jiwe, mwiko wa mwashi ukikusanya udongo wa chokaa na kuupaka, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Wakamwita Bi Hester. Alikuja amejifunga mitandio miwili, akasimama mlangoni mwa kile chumba, akanusa, akamgeukia ndugu yake.

"Wilfred. Ulisema nini kanisani?"

"Nilisoma orodha."

"Ulisoma nini mahali pa kunyamaza?"

Mzee akainamisha kichwa. Hester akampiga kofi la bega, kofi hasa.

"Mjinga wewe! Vitabu vyote vile, mjinga! Bibi alinieleza mimi kwa sababu mimi ni mwanamke na ndimi ningezaa, na sikuzaa. Mwaka wa tauni wazazi walikufa, watoto wa ukoo wakaachwa mikononi mwa Josias. Akasema ugonjwa hautamgusa mtoto yeyote. Akawaingiza chumbani, akaujenga mlango kwa mawe kwa mikono yake. Wakalia siku sita, kisha wakanyamaza. Tauni haikuwafikia, hiyo ni kweli. Na alipokuwa akifa alisema hakukosa, alisema atakayemtaja jina kati ya ndugu zake, yeye Josias atamjia kumlelea watoto. Ndiyo maana wakamkwangua."

"Mbona hukuniambia?" Wilfred aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kukuambia ni kumtaja."

Nesta alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono yote miwili juu ya tumbo. "Shangazi," akanong'ona, "tufanyeje?"

Wenyewe kule hawasemi jini, wana neno lao. Mimi nasema jini, sijui jingine linalotosha. Kasisi Pargeter aliletwa mchana kweupe, akiwa na maji na chumvi, akasali katika kile chumba mpaka shati likamganda mgongoni na baridi yote ile. Wilfred akaliziba jina kwa wino kwenye orodha yake, akaandika barua arobaini za kuomba orodha ichomwe. Kwaruu ikakoma. Wiki nzima tukapumua. Wiki ya pili harufu ikarudi, sasa jikoni, na Kasisi alipoitwa tena alisimama nje ya mlango na hakuingia.

"Nimemfukuza, Mwalimu," akasema, macho chini. "Lakini ninyi mmemwita mbele ya madhabahu na mkamketisha kati ya ndugu zake. Namfukuza mtu aliyealikwa na wenye nyumba. Nguvu hiyo sina."

Na barua ikaja kutoka New Zealand, ya Haldwick mmoja ambaye hawakuwahi kuonana. Alishukuru sana kwa orodha, aliisoma kwa sauti mezani, watoto walifurahi. Kisha chini, kwa mwandiko uliobanana, akauliza kama nyumba za ukoo huwa na unyevu, maana chumba cha watoto wake pacha kilikuwa kinanuka chokaa na mlango ulikuwa mgumu kufunguka. Wilfred alijibu siku hiyohiyo kwa simu ya maandishi. Hakupata jibu, wala halijaja mpaka leo.

Basi wakamhamisha Nesta kwa Bi Hester, mwisho wa kijiji, nyumba mpya ya matofali ambamo hakuna Haldwick aliyewahi kufia. Na Wilfred akafanya jambo ambalo aliyemjua tu ndiye ataelewa uchungu wake. Yeye ndiye mwanamume wa mwisho wa ukoo hapo Skarrow, hana mtoto wa kiume, na Clifford alikuwa amekubali mtoto achukue jina la upande wa mke ili lisipotee. Mzee akamshika binti yake mkono.

"Mpe jina la baba yake. Aitwe Booth. Akina Haldwick waishe. Waishe tu, mwanangu, mradi huyu apone."

Akalia, na Nesta akalia naye.

Mtoto alizaliwa Januari, majira yale ambayo mto uliganda na njia zote zikafungwa na theluji. Wa kike, mzima, sauti ya kupasua vioo. Tamsin Booth. Siku kumi na moja hapakuwa na harufu wala sauti. Nilimbeba mwenyewe mikononi, nilimnusa shingoni, alinukia maziwa.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, jua kali juu ya theluji, Nesta alimlaza chumbani, akashuka kuchukua nepi zilizokuwa zikikauka mbele ya moto, nepi sita, akazikunja akiwa amesimama, akapanda, na muda aliokuwa nje ya chumba haukuzidi dakika tano, Bi Hester anaapa, kwa maana birika lilikuwa halijachemka, akafungua mlango, na nyuma ya mlango hapakuwa na chumba, palikuwa na mawe, mawe ya zamani ya bonde lile, yamepangwa kutoka sakafuni hadi juu, udongo kati yake bado mbichi na una alama za vidole vya mtu aliyeulainisha kwa uangalifu, na nyuma ya mawe mtoto alikuwa akilia.

Tulikuja wote wenye nguvu. Tulikuja na sururu, nyundo, vyuma vya kuvunjia barafu, Wilfred na mgongo wake akipiga kuliko vijana mpaka ngozi ya viganja ikamtoka, na kila safu tuliyoibomoa nyuma yake palikuwa na safu nyingine, na kilio kilikuwa hapohapo, mbele kidogo tu ya ncha ya chuma, tukamwambia Nesta tunafika, tunafika, mpaka sururu ikapita upande wa pili na mwanga ukaingia, na tulichokiona ni bustani, theluji, na ndege mmoja juu ya uzio. Tukatoka nje kutazama. Dirisha la chumba halikuwepo. Nyumba ilikuwa fupi kwa futi tisa, na bati la paa limeishia vizuri, kana kwamba ilijengwa hivyo tangu mwanzo.

Kilio kilibaki ndani ya mawe. Siku ya sita tulikingoja kinyamaze, maana tuliijua hadithi. Hakikunyamaza.

Wilfred alikufa kabla ya theluji kuyeyuka. Clifford alirudi, akataka wahame, Nesta akakataa. Mama gani angehama? Miaka mitatu sasa hukaa pale kwenye korido mbele ya ukuta, anamwimbia. Sauti imekua. Ilianza kugugumia, ikaanza kucheka, kisha maneno. Mimi nimeisikia kwa masikio yangu ikihesabu mpaka kumi.

Wiki jana Nesta alikuja kwangu, akafunga mlango kabla ya kuketi. Alisema alikuwa amemuuliza mtoto kama ana njaa, kama kuna baridi, kama anaogopa.

"Akasemaje?"

"Akasema hapana, hapana, hapana." Akautazama mlango alioufunga. "Akasema, 'Mama, usilie. Mlezi anapanua chumba. Anasema mdogo wangu anakuja.'"

Nikamtazama usoni, kisha nikamtazama tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi miwili. Hakuwa amemwambia hata Clifford.