Nani Amekufa?

Ikupa hakuwa mtu wa kujivuna, lakini wiki ile alijivuna. Miezi mitano tu katika darasa la akina mama, na tayari ameandika barua kwa mkono wake mwenyewe! Aliituma kwa mumewe, Gideoni, mchuma chai kule Mufindi.

Siku ya sita baada ya kuituma, Ikupa na mama mkwe wake, Atuganile, walikuwa uani wakipukuchua maharage. Mara wakasikia kilio njiani. Alikuwa Gideoni, kichwa kimenyolewa kipara, macho yamevimba.

"Mama yangu! Mama yangu ameniacha!"

"Amekuacha nani?" aliuliza Atuganile. "Si nipo hapa na maharage yangu?"

Gideoni akaketi chini pu! Akamshika mama yake mikono yote miwili, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Saulo, uliniandikia nini?" Akatoa barua, akaisoma: "'Mama na ng'ombe waliugua. Amekufa. Bwana mifugo alikuja. Tumemzika.'"

"Aliyekufa ni ng'ombe, Baba Saulo! Mama alipona zamani."

"Ningejuaje? Nimeondoka bila ruhusa. Nyapara atanifukuza!"

Majivuno ya Ikupa yakaisha hapo hapo. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mtoto wao, Saulo.

"Nitamwandikia nyapara," alisema. Akaandika haraka haraka, akakimbia na barua zote mbili mpaka kwa jirani yao Damari, mwalimu wa darasa lake. Damari akaipitia ile ya kwanza, kisha akasoma mpya kwa sauti:

"'Ng'ombe alikufa, kwa hiyo Gideoni amenyoa. Lakini mama anapukuchua maharage, kwa hiyo usimfukuze.'"

Damari alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, nimeweka maneno yote ya kuunganisha uliyotufundisha!"

"Umeyaweka, mama. Ila habari zenyewe hazifuatani. Nani hunyoa kwa ajili ya ng'ombe? Barua ya kwanza nayo ilikuwa na habari za kweli, lakini hukuziunganisha. Nani amekufa? Ukisema kwa mdomo, unaonyesha zizi kwa kidole, na mtu asipoelewa anakuuliza. Barua haina kidole, wala haiulizwi."

"Sasa nifanyeje?"

"Nisimulie kwanza. Nini kilitangulia? Nini kikafuata? Na unataka nyapara afanye nini?"

Ikupa akasimulia. Kila aliposema "akaugua" au "akaja", Damari aliuliza, "Nani?" Mwanzoni Ikupa alikereka. Baadaye akaanza kujijibu kabla ya kuulizwa, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Kumbe inawezekana! Akachukua kalamu:

"Bwana Nyapara, mimi ni Ikupa, mke wa Gideoni mchuma chai. Mama mkwe wangu aliugua, na ng'ombe wetu pia. Mama alipona, lakini ng'ombe alikufa. Nilimwandikia Gideoni 'amekufa' bila kusema ni nani. Kwa sababu hiyo alidhani amefiwa na mama yake, akaja nyumbani bila ruhusa. Kosa hilo ni langu. Kwa hiyo naomba umpokee tena kazini."

"Umeona?" alisema Damari. "Maneno yameshikana, na habari zinafuatana mpaka kwenye ombi lako. Ukikosa kimojawapo, msomaji anapotea."

Gideoni aliondoka na barua ile kesho yake. Baada ya wiki mbili likaja jibu lake: "Nyapara alisoma mara moja tu, akaelewa. Alicheka sana. Niko kazini."

Ikupa akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Siku ya darasa, akina mama walimkuta Atuganile ameshakaa kwenye benchi la mbele, kalamu mkononi.

"Mama, hata wewe?" Ikupa alishangaa.

"Hata mimi. Siku nikifa kweli, nataka niwe nimeshaiandika barua mwenyewe. Nikiwaachia ninyi, watu watadhani ni ng'ombe!"