Siku Mwila Alipomshinda Shemeji

Walikutana katika soko la mtaa uitwao Kenya, watu wamebanana hadi huwezi kugeuza kiwiko. Huguette, gauni la njano, nywele kazifunga juu, alikuwa anabishania kitenge na mama muuzaji aliyekataa kushusha bei. Sauti ikamnong'oneza kutoka nyuma:

"Usiongeze. Jifanye unaenda. Huyu mama anataka kuuzisha."

Akajiondokea hatua chache. Mama akamwita. Huguette akageuka kumtazama mnong'onezi: kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, macho yametulia.

"Ulijua je?"

"Mikono yake ilikuwa tayari nakunja kitenge."

"Bon, mie sitakuonyesha yangu." Akaificha mgongoni, wakacheka.

Utulivu ule ndio uliompendeza Huguette. Kijana huyo, Mwila, alikuwa wakala wa forodha mpakani Kasumbalesa, na huko, katika kungoja foleni za malori, alicheza poker miaka mingi hadi akawa anasoma nyuso za watu kama wengine wanavyosoma gazeti.

Mapenzi yakakolea. Pierre, kaka mkubwa wa Huguette aliyesimama mahali pa baba yao marehemu, akakubali kupokea ukoo wa Mwila uje kuposa, na siku ikapangwa. Pierre alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache. Aliposikia shemeji anapenda karata, alimwomba dada yake amfundishe kile kidogo alichojifunza kwa Mwila, "tupate ya kuzungumza naye."

Ndipo Nono, mwenye baa moja ya mtaa wa Kamalondo, akaandaa mashindano madogo Jumapili mchana. Hakuna pesa, kila mtu anapewa jetoni, vidude vya kuwekea dau, sawa na wenzake, mshindi anaondoka na mbuzi. Karibu wote walikuwa wageni wa mchezo.

"Chéri, utamuchezea yaya Pierre muzuri, hein?" Huguette alimwuliza kwa simu.

"Ni muchezo tu, bébé."

"Njo maana nakuomba."

Mwila aliwajua wachezaji wapya. Ukimtisha mmoja wao na karata mbovu, unajisumbua, kwa sababu hajui kutupa zake. Atalipa tu ili aone. Dawa ni kutulia. Unatupa mbovu, unangoja nzuri, ukiipata unaweka nyingi. Akafanya hivyo, na mmoja mmoja wakainuka mezani, wakabaki yeye na Pierre.

Pierre akapata as mbili, karata kubwa kuliko zote. Furaha ikamjaa usoni, akamwita dada yake aje asimame nyuma ya kiti chake. Mwila alikuwa na wafalme watatu, wawili mkononi, mmoja mezani, na tatu za aina moja hushinda mbili. Aliuona ule uso. Angeweza kuzitupa karata zake, na hakuna ambaye angejua. Lakini moyo wake ulikwisha kutulia kama ulivyozoea.

"Tapis," alisema, akasukuma jetoni zote katikati.

"Na mie yote!" Pierre akaitika.

Karata zikafunuliwa. Baa ikalipuka kwa vicheko.

"Shemeji yako amekuchuna mchana kweupe!" akapayuka Kiki, mhudumu wa vinywaji.

Pierre naye alicheka, kicheko kifupi. Akampa Mwila mkono, akatoka. Huguette hakucheka. Mwila alimfuata nje, kwenye vumbi jekundu.

"Uliiona sura yake," Huguette alisema. "Alijifunza ule muchezo juu yako, Mwila. Na we ulikuwa tu namungoja aingie."

"Karata ni karata."

"Na mimi? Siku ya kitenge, ulikuwa nanisoma pia?"

Huguette akapanda pikipiki, akaenda zake.

Mwila hakumpigia simu. Alijiambia hasira hupoa yenyewe, na ukimwahi mtu kabla haijapoa, ataikazia. Akangoja. Simu ya Huguette nayo haikuita. Siku ya ukoo wake kwenda kuposa ikapita hivi hivi, na hofu ikaanza kumwingia. Akamfunga mbuzi kamba, akaenda naye kwa Pierre, kule Annexe, pembezoni mwa mji, katikati ya mashamba ya mahindi.

Pierre alimtolea kiti.

"Mie nilikasirika ile jioni tu. Asubuhi ikaisha. Ni Huguette njo alikuwa nakungoja. Kila pikipiki ikisimama inje, anainuka."

"Sasa Huguette iko wapi?"

"Sakania, kwa tantine, shangazi yetu. Alipata kazi ya kuuzisha dawa ku pharmacie."

Pierre akapiga simu, akampa.

"Huguette, nisamehe. Nilikosa."

"Juu ya nini hukunipigia?"

"Nilikuwa nangoja hasira yako ishuke."

"Ulikuwa nangoja." Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Minakupenda, Mwila, sikudanganyi. Mais siwezi kuishi na muntu mwenye kunipima kila siku."

"Nitakuja huko. Leo."

"Usikuye. Nililia yote, ikaisha. Usikuye kunianzisha tena."

"Huguette, bébé..."

"Mupe yaya telefone."

Akairudisha. Pierre alisikiliza akitazama chini, akaitikia ndiyo, ndiyo. Kisha akaifunika simu kwa kiganja.

"Anauliza kama umekula."

Machozi yakamtoka Mwila mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfanya achekwe. Na Pierre, simu bado mkononi, akaita ndani walete bukari, ugali wa mahindi.